Kibubu cha R2-D2 kinachopiga mluzi: mwongozo kamili wa kukitengeneza kwa bomba la inchi nne

Kati ya wahusika wote wa filamu za anga za juu, hakuna anayemfaa fundi wa mtaani kama R2-D2, yule roboti mdogo wa Star Wars. Mwili wake ni bomba na kichwa chake ni nusu ya mpira. Hana uso wa kuchonga, hana vidole, hana nguo. Tangu aonekane mara ya kwanza mwaka 1977 hajatamka neno hata moja. Ana miluzi tu, ile ambayo Ben Burtt aliitengeneza kwa kuchanganya sauti yake mwenyewe na mashine ya muziki ya kielektroniki ya ARP 2600. Katika vibanda vya video vya Kampala, ambako VJ hutafsiri filamu kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji, huyu anaweza kusemeshwa chochote na hakuna mtazamaji wa kubisha.

Kitu tunachotengeneza hapa ni kibubu cha sarafu chenye umbo lake, kirefu karibu sentimita 21. Ukidondosha sarafu, kinapiga mluzi unaoshuka, na ukipitisha mkono mbele ya jicho lake mluzi unabadilika. Kazi hii inachukua siku mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ni kungoja gundi na rangi zikauke.

Usihangaike na kila alama ndogo iliyo mwilini mwake. Mtu humtambua R2-D2 kwa vitu vitatu: uwiano wa kichwa na mwili, mabega yanayoanzia juu karibu na shingo, na sauti. Ukivipata hivyo, makosa mengine yote yanasamehewa. Ukivikosa, hata ubandike stika nzuri namna gani, watu watauliza kama ni pipa la taka.

Vipimo kwanza

Yule wa kwenye filamu ana urefu wa karibu mita 1.1, na mwili wake una kipenyo cha takriban sentimita 46. Bomba la maji machafu ambalo mafundi bomba huliita "la inchi nne" lina kipenyo cha nje cha milimita 110. Maana yake kibubu chetu ni kidogo kuliko yeye kwa zaidi kidogo ya mara nne. Tungefuata hesabu hiyo kikamilifu, kingesimama na urefu wa sentimita 26. Tumefupisha miguu kwa makusudi, kwa sababu sarafu ni nzito: kibubu hiki kikijaa kinafika kilo 3, na mwili ulioinuliwa juu ya miguu miembamba utapinduka mtoto akiuparamia. Kwa sababu hiyo hiyo mguu wa tatu unawekwa katikati chini ya mwili, si mbele kwa mshazari. Wapenzi wa filamu watalalamika. Waache walalamike, mradi kibubu hakianguki.

Vya kununua na vya kuokota

Usinunue bomba zima. Unahitaji sentimita 11 tu, na kila jengo linalojengwa lina vipande vilivyobaki. Mwombe fundi bomba. Angalia unene wa ukuta wake: chagua lenye milimita 3 au zaidi. Lile jembamba linabonyea unapokaza bolti, mviringo unakuwa yai, na kichwa hakikai tena.

Kichwa kinatokana na boya la tangi, ule mpira mgumu wa plastiki unaofunga maji tangi likijaa. Tafuta la inchi nne na nusu, yaani milimita 114 hivi. Nenda dukani na kipande chako cha bomba mkononi, ukiweke juu ya boya uone. Boya likizidi bomba kwa milimita 2 kila upande, hapo ndipo penyewe, maana hata R2-D2 halisi ana ukingo mdogo shingoni. Likiwa dogo kuliko bomba, liache. Hakuna dawa yake. Boya moja hutoa vichwa viwili, kwa hiyo tafuta mwenzako mgawane.

Miguu inatoka kwenye ule ubao mweupe wa plastiki wa mabango, ambao mafundi wengi huuita foreksi, wa unene wa milimita 10, pamoja na kipande kidogo cha milimita 5. Barabara ya Nasser jijini Kampala ina mafundi wa mabango na uchapaji kwa wingi, na vipande vinavyobaki baada ya kukata herufi hutupwa. Chukua pia kipande cha plaiwudi ya milimita 12 cha kitako. Maseremala wa Ndeeba hawatakosa.

Vingine vya kukusanya: bolti 4 za M6 za milimita 40 zenye vichwa bapa, pamoja na nati na washa, skrubu ndogo 12, araldaiti, filla ya magari, msasa namba 120, 240 na 400, kipande cha tyubu ya baiskeli, kifuniko cha chupa ya maji, vizibo viwili vya soda, praima ya plastiki, rangi ya fedha na rangi ya buluu za kupuliza. Vifaa vya umeme vimeorodheshwa kwenye sehemu yake.

Mwili

Kukata bomba kwa msumeno wa chuma ni rahisi, ila kulikata lisiende upande ndiyo kazi. Chukua karatasi yenye ukingo ulionyooka, uizungushe kwenye bomba mpaka ncha zake zikutane sawasawa, kisha piga mstari kwa kalamu kufuata ukingo. Kata huku ukizungusha bomba kidogo kidogo. Usishushe msumeno moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Maliza kwa kusugua ncha kwenye msasa uliolazwa mezani, mpaka bomba likisimama lisicheze.

Tundu la sarafu linakaa nyuma, likilala, sentimita 2.5 kutoka ukingo wa juu. Upana wake uwe milimita 32 na kimo milimita 4. Sarafu zote zinazotumika Uganda zinapita hapo, ile ya shilingi 1,000 iliyotolewa mwaka 2012 ikiwemo, na noti iliyokunjwa mara mbili nayo inapita. Toboa matundu ya milimita 4 yakifuatana, kisha yaunganishe kwa tupa bapa. Kuna anayejaribu kukata tundu hili kwa kisu kilichopashwa moto: plastiki inayeyuka, inavimba kingo, na moshi wake ni mbaya kwa mapafu.

Ndani ya tundu, gundisha ukanda wa tyubu ya baiskeli wa sentimita 4 kwa 3, ukiushika kwa upande wa juu tu ili uning'inie kama pazia. Sarafu inausukuma na kuingia, lakini mtu akikipindua kibubu hazitoki. Hilo ni pazia tu, si kufuli. Anayejua kutumia kisu cha mezani bado atafanikiwa.

Kitako: kata duara la plaiwudi linaloingia ndani ya bomba kwa kubana. Pima kipenyo cha ndani mwenyewe, maana hubadilika kufuatana na unene wa ukuta. Lishike kwa skrubu 4 kutoka nje ya bomba, milimita 6 kutoka ukingo wa chini. Hapa ndipo kibubu kinapofunguliwa siku ya kuhesabu, kwa hiyo usitie gundi. Chini yake bandika duara la pili la plaiwudi la kipenyo cha sentimita 9, lililochongwa kwa mshazari pembeni. Hicho ndicho kiuno kinachoonekana kwa chini.

Miguu

Kata miguu miwili kutoka foreksi ya milimita 10. Kila mmoja uwe na urefu wa sentimita 13.2. Sehemu ya juu, bega, iwe na upana wa sentimita 6 kwa kimo cha sentimita 5, na juu izungushwe nusu duara. Kuanzia hapo kushuka chini upana uwe sentimita 3.2. Sentimita 2 za mwisho zitazama ndani ya wayo.

Wayo ni tabaka tatu za foreksi za sentimita 7 kwa 4. Tabaka la chini ni zima; mbili za juu zina mwanya wa milimita 10 kwa sentimita 3.2 ambamo mguu unaingia. Zigundishe kwa araldaiti, zibane kwa vitabu vizito usiku kucha. Supaglu inashika foreksi haraka lakini inakauka ngumu kama kioo. Kibubu kikianguka mara moja tu, wayo unabanduka.

Sasa tatizo la mguu bapa kukaa kwenye mwili wa mviringo. Ukiufunga moja kwa moja, unagusa bomba kwa mstari mmoja tu na utatikisika milele. Kata vipande vinne vya foreksi vya sentimita 3 kwa 3. Zungusha msasa namba 120 kwenye bomba lenyewe, upande mkali ukitazama nje, kisha sugua kila kipande juu yake kwenda na kurudi mpaka kipate mbonyeo ule ule wa bomba. Ni kazi ya dakika tano kwa kipande kimoja. Bandika viwili kwa kila mguu, kimoja begani na kimoja chini, halafu toboa kwa pamoja: sentimita 3.5 na sentimita 8 kutoka ukingo wa juu wa bomba. Ncha ya juu ya bega iwe sentimita 1 chini ya ukingo huo. Bolti zipite na kichwa bapa ndani, nati nje. Ukizigeuza, ncha za bolti zitasimama ndani ya kibubu kama miiba na noti zitanasa.

Nati ya bega inafunikwa kwa kizibo cha soda kilichonyooshwa meno kidogo na kupakwa rangi ya fedha. Kinafanana na kile kifundo cha bega cha kwenye filamu kuliko kitu chochote cha kununua.

Mguu wa katikati ni mchemraba wa tabaka tatu wa sentimita 5 kwa 4, uliofungwa kwa skrubu mbili chini ya kitako. Simamisha kibubu mezani. Kikicheza, punguza mguu huu kwa msasa kwanza, kabla ya kugusa ile mingine.

Kichwa

Maboya mengi yana mshono katikati ambapo nusu mbili ziliunganishwa kiwandani. Fuata mshono huo kwa msumeno wa meno madogo. Nusu moja ina kile kifundo cha kufungia fimbo. Kikate, ziba kwa filla, sugua.

Plastiki ya maboya ina hila: ni ya jamii ya jerikani, ile isiyopenda gundi wala rangi. Ukiipaka bila kuiandaa, rangi inatoka kama ngozi ya nyoka wiki hiyo hiyo. Isugue kote kwa msasa 120, kisha 240, mpaka mng'ao wote uishe. Ifute kwa spiriti. Halafu pitisha mwali wa kiberiti cha gesi juu yake kwa kasi, mwendo wa kama kupaka rangi kwa brashi, bila kusimama mahali pamoja. Unataka sura yake ibadilike kidogo tu, isiyeyuke. Fanya hivyo nje, spiriti ikiwa imekwisha kauka kabisa na chupa yake iko mbali. Pulizia praima ya plastiki ndani ya dakika chache baada ya hapo.

Kifuniko cha ndani ni maduara mawili ya foreksi yaliyogundishwa pamoja: la juu, la milimita 10, linaingia ndani ya ukingo wa kichwa, la chini, la milimita 5, linazama kwenye bomba bila kulegea. La juu linashikwa na skrubu 3 ndogo kupitia ukingo wa kichwa. Toboa kwanza kwa drili ya milimita 1.5, la sivyo foreksi inapasuka tabaka. Kifuniko hiki kinatenga vifaa vya umeme na sarafu, na ndicho kinachofanya kichwa kizunguke kwa mkono.

Jicho kubwa ni kifuniko cha chupa ya maji kilichopakwa rangi nyeusi na kutobolewa tundu la milimita 5 katikati. Kibandike mbele, kidogo juu ya ukingo, kwa araldaiti, na toboa kichwa nyuma yake.

Sauti

Hapa ndipo kibubu kinapoacha kuwa bomba. Mzunguko huu wa umeme unatumia aisii (chipu ndogo) ya NE555, ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1970 na haikosekani kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki katikati ya Kampala. Unahitaji:

- NE555 moja, na soketi yake ya miguu 8
- LDR moja, kile kipande kidogo ambacho ukinzani wake hushuka kikipata mwanga
- rezista za 10 Ω, 100 Ω na 4.7 kΩ
- kapasita ya 47 nF, ya 47 µF na ya 1,000 µF, mbili za mwisho ziwe za volti 16 au zaidi
- piezo, kile kisahani kidogo kinachotoa mlio, isiyo na mzunguko wake ndani
- betri ya volti 9 na kofia yake, na swichi ndogo
- springi ya kalamu, na sentimita 5 za waya mgumu wa shaba
- kipande cha veroboadi, ule ubao wenye matundu wa kuchomelea vifaa vya umeme, cha matundu 15 kwa 10

Kuhusu piezo, msikilize muuzaji kwa makini. Ziko aina mbili zinazofanana kwa macho. Moja, ukiiunga na betri, inalia "piiii" papo hapo. Hiyo ina mzunguko wake na haitakubali kubadilishiwa sauti. Unataka ile ambayo ukiiunga na betri inatoa "tak" ndogo na kunyamaza. Ijaribu dukani kabla ya kulipa.

Uungaji ni huu. Miguu ya 4 na 8 ya aisii inaungwa pamoja na laini ya chanya. Mguu wa 1 unaenda hasi. Miguu ya 2 na 6 inaungwa pamoja. Rezista ya 4.7 kΩ iwe kati ya mguu wa 8 na wa 7. LDR iwe kati ya mguu wa 7 na wa 6. Kapasita ya 47 nF inatoka mguu wa 6 kwenda hasi. Kapasita ya 47 µF inatoka mguu wa 5 kwenda hasi, upande wake wa chanya ukiwa kwenye mguu wa 5. Piezo inatoka mguu wa 3, kupitia rezista ya 100 Ω, kwenda hasi. Kapasita ya 1,000 µF inakaa kati ya laini ya chanya na hasi.

Betri haiungwi moja kwa moja na laini ya chanya. Inapita kwenye swichi, kisha rezista ya 10 Ω, kisha kwenye kitambuzi cha mtikisiko, ambacho ni springi ya kalamu. Nyoosha waya wa shaba, uuchomelee kwenye veroboadi ukiwa umelala. Chomelea springi upande wa pili ili iuzunguke waya bila kuugusa. Ncha ya springi iliyo huru idondoshee tone la risasi ya kulehemu liwe uzito. Sarafu ikianguka, springi inatikisika, inagusa waya kwa chembe ya sekunde, na kapasita ya 1,000 µF inajaa. Baada ya hapo mzunguko unaishi kwa chaji hiyo, karibu nusu sekunde, kisha unanyamaza. Ukitaka mluzi mrefu zaidi, weka 2,200 µF. Springi ikitulia, betri haitumiki hata kidogo.

Mluzi unashuka kwa sababu ya ile 47 µF kwenye mguu wa 5. Vitabu vingi vinaonyesha 10 nF mahali pale, na kwa thamani hiyo utapata mlio mmoja bapa kama wa mikrowevu. Kapasita kubwa inajaa polepole, na kadiri inavyojaa sauti inashuka: "fyuuu". LDR nayo inaamua sauti itulie wapi. Kwenye mwanga wa chumba, LDR nyingi huwa na ukinzani wa karibu 10 kΩ, na mlio unatua karibu na mizunguko 1,200 kwa sekunde. Ukifunika jicho kwa kiganja, ukinzani unapanda kufikia 100 kΩ na mlio unazama hadi 150 hivi, mnung'uniko wa mtu aliyeamshwa usingizini.

Usiiache ile rezista ya 10 Ω ukidhani ni pambo. Bila hiyo, kapasita tupu inavuta mkondo mkubwa ghafla, cheche inatokea kwenye ncha, na baada ya siku chache springi inaganda kwenye waya. Utajua imeganda pale kibubu kitakapolia usiku kucha.

Springi ya kalamu ni ya chuma na risasi haiishiki kirahisi. Isugue kwa msasa 400 mpaka ing'ae, tumia mafuta ya kulehemu, kisha ifute vizuri.

Jaribu mzunguko mezani kabla ya kuufunga. Kusipokuwa na sauti, anza na haya kwa mpangilio: aisii imegeuzwa (alama ya nukta iko kwenye mguu wa 1), miguu ya 2 na 6 haikuungwa, kapasita kubwa imegeuzwa chanya na hasi, na hiyo ikiwa ya moto itoe haraka. Ukisikia sauti ndogo mno, piezo inaning'inia hewani. Igundishe ukingo wake ndani ya kichwa, na kichwa chenyewe kitakuwa ngoma yake.

Rangi na stika

Kichwa kinapakwa rangi kabla ya vifaa vya umeme kuingia. LDR iliyopuliziwa rangi ni kipofu. Puliza matabaka membamba matatu, dakika 15 kati ya moja na jingine, kopo likiwa sentimita 25 mbali. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, usipulize asubuhi mapema wala mvua inapokaribia: unyevu unanasa kwenye rangi na kuacha utando mweupe kama ukungu. Saa nne hadi saa tisa mchana wa jua ndiyo nafasi yako. Rangi ya fedha kwanza, ikauke siku nzima, kisha funika kwa tepu ya karatasi na kupuliza vibao vya buluu. Tepu itolewe rangi ingali mbichi kidogo. Ukingoja ikauke kabisa, inang'oka pamoja nayo.

Mwili haupakwi rangi, unavalishwa stika. Mzunguko wa bomba la milimita 110 ni milimita 346, kwa hiyo mchoro uwe milimita 356 kwa 110, zile 10 za ziada zikiwa za kupandiana nyuma. A4 haitoshi, maana urefu wake ni milimita 297, omba A3. Mwambie mchapaji achape kwa asilimia 100. Mashine ikiachiwa "kutosheza ukurasa", inapunguza mchoro kidogo na stika yako itaacha pengo. Piga mstari wa milimita 100 pembeni mwa mchoro uupime kwa rula kabla hujaondoka dukani.

Buluu ya kwenye skrini ikichapwa mara nyingi hugeuka zambarau. Andaa mchoro kwa rangi nne za uchapaji, na kiwango cha majenta kiwe chini ya samawati kwa pointi 30 au zaidi. Na kama bomba lako ni la kijivu, taka stika yenye mgongo mweusi au wa kijivu, si nyeupe ya kawaida, la sivyo mwili utaonekana mchafu hata ukiwa mpya. Weka laminesheni isiyong'aa juu yake. Vidole vya watoto ni adui wa wino.

Kubandika: toa miguu, nyunyizia bomba maji yenye matone machache ya sabuni, laza stika ukianzia nyuma, isogeze mpaka inyooke, kisha sukuma maji nje kwa kadi ya zamani ya simu. Subiri hadi kesho yake ndipo ukate stika iliyofunika tundu la sarafu na matundu ya bolti.

Kuuza

Hapa sheria haina utani. R2-D2 ni mali ya Lucasfilm, ambayo Disney iliinunua mwaka 2012, na Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Kukiweka chumbani mwako ni jambo lako; kutengeneza hamsini na kuvipanga dukani ni jambo jingine. Kwa hiyo, kama lengo ni biashara, chukua ufundi huu na umwache mhusika.

Tena hapo ndipo kazi inapokuwa tamu. Badala ya kichwa cha nusu mpira, mpe roboti wako kofia ya chuma ya boda. Badala ya buluu na fedha, mpe manjano. Miguu iwe magurudumu mawili ya vifuniko. Jina, umbo na mpangilio wa vibao viwe vyako, na ukiona wateja wanaanza kumwita kwa jina hilo, nenda ukaulizie usajili wa alama ya biashara katika ofisi ya usajili ya taifa, URSB. Kule Wakaliga, mtaa wa Kampala, studio ya Isaac Nabwana ilijenga helikopta ya filamu kwa vyuma chakavu, na watu wa nje wakaja kuipiga picha. Hakuna aliyeuliza kwa nini haifanani na ya Hollywood.

Bei usiikadirie kwa macho. Jumlisha vifaa, ongeza saa zako za kazi bila kuhesabu za kungoja gundi, na ongeza kiasi cha kibubu kimoja katika kila kumi, maana kimoja kitaharibika. Vikombe, fulana na pete za funguo vyenye mhusika huyo wako ni rahisi kuchapisha na hukamilisha meza, lakini kinachomsimamisha mpita njia ni mluzi. Weka kimoja mbele, na sarafu ya shilingi 100 pembeni yake.

Kabla ya kukitia kwenye boksi kwenda Gulu au Mbarara kwa basi, zima swichi iliyo ndani ya kichwa. Springi haijui tofauti kati ya sarafu na shimo la barabarani, na kondakta atateremsha mizigo yote akitafuta ndege aliyenaswa kwenye buti.